Maulizo ya Nyumbani: Sigara ya umeme inayoleta ladha ya kuungua



Ulizo la juma hili nililetewa na mama mmoja wa kundi letu siku ya likelemba, wakati wengine walikuwa wamekwisha kwenda na sisi wawili tulibaki kupanga viti. Aliniomba nisiandike jina lake. Maneno yake yalikuwa haya:

“Mama, bwana yangu alivuta sigara zaidi ya miaka makumi mbili. Mwaka uliopita mdogo wake anayeishi Ubelgiji alimtumia ile sigara ya umeme, na tangu siku hiyo hakugusa tena sigara ya moto. Nyumba ilipata kupumua. Mtoto wetu wa mwisho, ule mwenye kifua, alianza kulala usiku. Sasa ni majuma mawili kile chombo kinamletea ladha ya kuungua. Akivuta, koo linakatwa, anakohoa mpaka machozi yanatoka. Siku ya tano nilikuwa ninafua shati yake, nikakuta pakiti ya sigara ndani ya mfuko. Nifanye nini? Jirani ameniambia niongeze matone ya mafuta ndani ili kisikauke.”

Nianze na mafuta, maana hilo haliwezi kungoja mpaka chini ya ukurasa. Hapana. Si ya mawese, si ya karanga, si ya nazi, si mafuta ya kupakaa. Nitaeleza sababu mbele.

Ninajua kuna wamama watakaouliza: mbona karatasi yetu inafundisha kutengeneza sigara? Nami sifundishi mtu kuanza. Kijana asiyevuta kitu hana kazi yoyote na chombo hiki, na mama mwenye mimba vilevile. Lakini mtu aliyevuta tumbako miaka mingi, akahamia huku na kuacha moshi, yeye yuko mahali pengine. Mvuke si hewa safi, ila una sumu chache kuliko moshi wa tumbako iliyowashwa. Yule baba yuko kwenye daraja, na ladha ya kuungua inamrudisha alikotoka. Ndiyo maana nimelishika ulizo hili kama ninavyoshika maulizo ya mbabula na ya maziwa ya mtoto.

Kwanza tujue kitu kinavyofanya kazi. Wote tunajua taa ya petroli. Chini mna petroli, juu mna utambi, utambi unanyonya petroli na moto unakula petroli, si utambi. Petroli ikiisha, au utambi ukishindwa kunyonya, moto unaanza kula kitambaa chenyewe. Mara moja taa inatoa moshi mweusi na harufu mbaya. Sigara ya umeme ni taa ileile, isipokuwa haina ndimi za moto. Mna betri. Juu yake mna tangi dogo la kioo au la plastiki lenye maji ya kuvuta, vijana wanayaita likidi. Katikati ya tangi mna kichuma kidogo kama kizibo, ndani yake waya mwembamba umezungukwa na pamba. Waya ule tuuite rezistansi, maana ni ndugu ya ile ya resho yetu ya umeme. Unapobonyeza kifungo, waya unapata moto, likidi iliyo katika pamba inageuka mvuke, mtu anavuta. Kisha pamba inanyonya likidi nyingine kupitia matundu madogo ya kile kichuma.

Pamba ikiwa imelowa, yote ni mazuri. Pamba ikiwa kavu, waya unachoma pamba. Basi hiyo ndiyo ladha ya kuungua, tuuite mvuto mkavu. Ni kama maharagi yaliyoshika chini ya sufuria: si kosa la maharagi, maji ndiyo yaliisha.

Sasa niungame. Siku ile ya kwanza, kabla sijauliza mtu yeyote, nilimwambia mama huyu: “Toa kile kichuma, ukioshe na maji ya moto, kiache kikauke.” Alifanya hivyo. Siku iliyofuata ladha ilikuwa mbaya zaidi kuliko mbele. Niliona haya. Pamba iliyoungua hairudi kuwa pamba, hata ukiiosha mara saba, kama vile utambi uliokuwa makaa hautafufuka kwa sabuni. Tena tulikirudisha katika tangi pamba ikiwa kavu kabisa, na mvuto wa kwanza ukamaliza kuichoma.

Basi siku ya posho tulikwenda wawili mpaka Kadutu, kwa kijana mmoja anayetengeneza simu, ambaye yeye mwenyewe anavuta chombo cha namna hiyo. Alikifungua mbele yetu juu ya kitambaa cheupe. Pamba ilikuwa nyeusi, ngumu, imeshikana na kitu kama sukari iliyoungua. Akauliza: “Mama, hii rezistansi ilibadilishwa lini?” Mama akanitazama, mimi nikamtazama kijana. Haikubadilishwa hata siku moja. Miezi minne, tangu ile ya kwanza ilipoisha, na bwana hakujua kwamba ni kitu cha kubadilisha. Kwa mtu anayevuta kila siku, rezistansi moja inadumu kama juma moja au mawili, mara chache zaidi.

Kijana hakuishia hapo, na ninamshukuru, kwa sababu tungebadilisha tu tungerudi kwake tena nyuma ya siku tatu. Aliwasha kioo kidogo cha chombo. Kilionyesha wati 25. Kisha akageuza rezistansi na kutuonyesha maandiko madogo ubavuni: om 1.0, wati 12–16. Maana yake kiwanda kinasema waya huu unataka nguvu kati ya 12 na 16. Bwana alikuwa ameuwekea 25. Kwa nini? Kwa sababu rezistansi ilipochoka, ladha ilififia, naye akaongeza nguvu ili apate ladha. Ni sawa na mama anayeona chakula hakiivi, anarundika makala, kumbe maji ya sufuria yamekauka. Akiongeza moto, anaongeza kuungua.

La tatu lilikuwa katika chupa. Zile likidi za Ubelgiji ziliisha, naye akanunua nyingine sokoni, yenye harufu ya embe, tamu sana, nzito kama asali. Hapa nitakaa kidogo, maana wamama wa sabuni watanielewa upesi. Likidi hizi zina vitu viwili vikubwa: propilini glikoli, ambayo ni nyepesi, na glisirini, ileile inayotoka katika mafuta tunapotengeneza sabuni. Glisirini ni nzito na inakwenda polepole. Juu ya chupa wanaandika VG kwa glisirini na PG kwa ile nyepesi. Chupa yake ilikuwa 70 VG, 30 PG. Rezistansi yake ni ya matundu madogo, inataka nusu kwa nusu, 50 na 50. Likidi nzito haikupita vizuri kwenye matundu, na asubuhi za Bukavu, baridi ya ziwa inapokuwa bado haijaondoka, inazidi kuwa nzito. Juu ya hayo utamu ule unaungua na kuganda kwenye waya. Likidi tamu inaua rezistansi mbele ya wakati wake. Mtu anayetaka chombo chake kidumu achukue isiyo na utamu mwingi.

Kumbe hakukuwa na kosa moja. Waya mzee, nguvu nyingi, likidi nzito na tamu, na mimi na maji yangu ya moto juu yake.

Ikiwa nyumbani kwenu kuna mtu mwenye shida hii, mbele ya kununua chochote mutazame kwanza mambo yasiyo na bei. Likidi katika tangi iko wapi? Ikishuka chini ya matundu ya kile kichuma, pamba haina cha kunywa. Mtu ajaze kabla ya kufika hapo, na asivute chombo kikiwa kimelala wakati likidi imekuwa kidogo. Mtazame kama kuna povu la hewa lililoziba tundu. Mara nyingine kufungua tangi kidogo na kulifunga tena kunatosha kuliondoa. Mtazame nguvu, muishushe mpaka namba ndogo iliyoandikwa kwenye rezistansi, kisha apande polepole akitaka. Na muulize anavuta namna gani. Waliozoea sigara wanavuta kwa nguvu na kwa kufuatana, maana sigara ikiachwa inaisha yenyewe. Hiki hakiishi. Avute taratibu, kisha ahesabu nusu dakika ndipo avute tena, ili pamba ipate kunywa.

Kama hayo yote ni sawa na ladha ya kuungua ingali pale, rezistansi imekwisha kufa. Mnunue nyingine ya namna ileile ya chombo chenyewe, mukipeleka ya zamani mkononi ili muuzaji asiwapatie isiyofaa. Na hii mpya ndiyo wengi wanaiua siku ya kwanza. Inakuja na pamba kavu kabisa. Mtu atie matone machache ya likidi moja kwa moja juu ya pamba inayoonekana kwenye matundu, aifunge mahali pake, ajaze tangi, kisha aache chombo kisimame dakika 10 bila kukibonyeza. Likidi ikiwa nzito, aache zaidi. Kisha avute mara tatu au nne bila kubonyeza kifungo, hewa tupu tu, na hapo ndipo aanze kwa nguvu ndogo. Kijana wa Kadutu alisema watu wanaona dakika 10 ni nyingi, na kwa ajili ya dakika hizo wanarudi kwake kununua rezistansi nyingine kesho yake. Yeye hakulalamika.

Sasa, mbona nisiseme tu, “akizoea ladha itapita”? Kuna wanaoizoea. Wanafunga macho na kuendelea kwa sababu hawana feza ya rezistansi mpya. Hili ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Munajua mafuta ya mawese yakiungua sana katika sufuria, ule moshi unaochoma macho na kufunga koo. Ndani yake mna kitu kinachoitwa akroleini, na kinatoka katika glisirini iliyomo ndani ya mafuta. Glisirini ya likidi ikipata moto kupita kiasi inatoa kitu kilekile. Na pamoja nacho kinatoka formaldehidi. Jina ni geni, lakini tunalijua kwa jina lingine: ikiwa ndani ya maji ni formoli, ile ya nyumba ya maiti. Shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2004 kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa mwanadamu.

Mwaka 2015 wataalamu wa Portland State University huko Marekani waliandika katika New England Journal of Medicine kwamba walipoweka chombo kwenye volti 3.3 hawakuipata formaldehidi ile waliyokuwa wanaitafuta, lakini walipopandisha mpaka volti 5 iliongezeka sana. Habari ilizunguka dunia. Mwaka uleule Konstantinos Farsalinos, muganga wa Ugiriki, na wenzake walijibu kwamba kwa nguvu ile chombo kinatoa mvuto mkavu, na hakuna mtu anayeweza kuendelea kuuvuta, koo linamkataza. Mimi si mtaalamu wa kuamua kati yao. Lakini majibu yao mawili yananiambia neno moja: lile koo linalokataa ndilo mlinzi. Bwana anayekohoa na kutupa chombo mezani, mwili wake unafanya kazi. Yule anayejifunza kuvumilia amemfukuza mlinzi mlangoni. Akionja kuungua, aache papo hapo, hata kama ni mvuto mmoja tu uliobaki.

Turudi kwa mafuta ya jirani. Likidi ya kuvuta haina mafuta ndani, ijapokuwa inateleza kama mafuta. Propilini glikoli na glisirini zinayeyuka katika maji. Mafuta hayayeyuki katika maji, na mapafu hayana namna nzuri ya kuyatoa. Mwaka 2019 Marekani walishtuka kwa ugonjwa wa mapafu uliowapata watu waliovuta vyombo hivi. Mpaka mwezi wa pili wa 2020 walihesabu watu zaidi ya 2,800 waliolazwa hospitali au kufa, na waliokufa walikuwa 68. Wengi walivuta likidi yenye nguvu ya bangi iliyouzwa kwa siri, na kitu kilichopatikana katika mapafu yao kilikuwa mafuta ya vitamini E ambayo wauzaji walitumia kuizidisha. Vitamini E si sumu kwa mtu anayeila. Ndani ya mapafu ilikuwa jambo lingine. Basi jirani alisema kwa moyo mzuri, lakini tusimfuate. Na likidi isiyo na maandiko, iliyomiminwa katika chupa ya dawa ya macho, isinunuliwe hata ikiwa ya bei rahisi.

Nilipokwenda kumtembelea mama huyu nyumbani niliona jambo ambalo yeye hakuniuliza. Ile chupa ya embe ilikuwa juu ya dirisha, kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Ina rangi ya juisi, inanuka juisi. Ndani mna nikotini, na nikotini inapita mdomoni na hata kwenye ngozi. Mwezi wa kumi na mbili wa 2014, katika jimbo la New York, mtoto wa mwaka mmoja alikufa baada ya kunywa likidi ya namna hiyo. Katika Umoja wa Ulaya sheria inataka chupa isizidi mililita 10, nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita, na kifuniko kiwe kigumu kwa mtoto. Zinazofika sokoni kwetu si zote zinafuata hayo.

Mtoto akinywa, au akimwagikiwa: anaweza kutapika, mate kumjaa, kuwa mweupe, kutetemeka, moyo kupiga mbio, kisha kuanguka kifafa. Musimtapishe. Musimpe maziwa, wala mawese, ingawa najua bibi zetu walitufundisha hivyo kwa kila sumu. Mpangusie mdomo, muvue nguo iliyolowa, muoshe ngozi kwa maji mengi, kisha mukimbie hospitali na chupa yenyewe mkononi ili muganga asome kilichomo. Musingoje dalili. Chupa na chombo viwe ndani ya sanduku lenye ufunguo, pale munapoficha feza ya masomo. Na rezistansi zilizokwisha zisitupwe katika shimo la taka ambamo watoto wanachimbua vichuma. Zina likidi bado.

Neno fupi juu ya betri, maana umeme wetu una tabia zake. Unakatika, unarudi kwa nguvu, na chombo kilichoachwa kwenye waya usiku kucha kinaweza kupata moto. Kichajiwe mchana mtu akiwa karibu, mbali na kitanda, na betri iliyopasuka ngozi yake ya plastiki isitumike. Betri nyingi za namna hii zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, upande wa Kolwezi. Inatoka hapa kama udongo, inarudi kama kifaa, na kila mara inarudi na bei.

Mama aliniletea habari siku ya tatu. Bwana alishusha nguvu mpaka wati 13, akapata rezistansi mbili, moja ya kutumia na moja ya akiba, akampa dada wa jirani anayevuka kwenda Kamembe feza ya kutafuta likidi ya 50 kwa 50 isiyo na utamu. Dakika 10 za kungoja alizikaa akitazama saa ya simu. Hakukohoa. Ile pakiti ya sigara aliitoa mfukoni mwenyewe, bila kuambiwa, akaiweka juu ya kabati. Zimebaki tano ndani. Mama anazihesabu kila asubuhi, naye bwana anajua kwamba zinahesabiwa.

Juma lijalo: sabuni inayokataa kuganda. Maulizo yenu muyaache katika kikapu, siku ya likelemba.